Kadi ya Baba, Kasha la Mama

Nilichokiona kwanza ni futi yangu. Futi ya kushonea huwa naitundika msumarini upande wa namba moja ukiwa chini, ili nikiivuta kwa haraka nisimpime mtu kichwa chini miguu juu. Jumamosi ile niliikuta inaning'inia kinyume. Mama hagusi vitu vyangu vya kushonea, anasema sindano zinamtafuta. Nikajua ni mdogo wangu, na nikajua hakuwa amepima nguo. Alikuwa amepima meza.

Meza hiyo ndiyo kazi yangu. Hapo nashona sare za shule, napunguza suruali za watu waliokonda, naongeza za walionenepa, nabadilisha zipu. Sebule yetu ni ndogo. Ukiingiza meza ya pili, mtu mmoja itabidi alale amesimama.

"Umepima meza yangu?" nilimuuliza.

"Nani, mimi?"

"Hapana, paka."

Akacheka. "Dada, usinune bwana. Nusu tu. Wewe cherehani yako upande wa dirisha, mimi kompyuta yangu huku. Tutakuwa kama ofisi."

Mdogo wangu tunamwita Kamanda. Jina alilipata kwenye banda la gemu karibu na shule yao, kwa kuwa akikaa mbele ya skrini wenzake wakubwa kwa wadogo humfuata yeye anakoelekea. Ana miaka kumi na minne na tayari amenipita urefu. Mama naye siku akiwa na furaha humwita Kamanda, na siku akiwa hana humwita mtoto wa baba yake.

Baba alihama kwetu mwaka juzi. Ni dereva wa lori, na sasa anaishi upande wa pili wa mji na mke mwingine, kwenye nyumba yenye geti. Mama anafua mashuka ya hoteli. Tangu watengane hawajawahi kusemeshana. Simu wanazo, na salio wanalo. Wasichokitaka ni kusikia sauti. Kwa hiyo simu yao ni mimi. Mwambie baba yako. Mwambie mama yako. Nami ni mtu ambaye hata mteja akisahau kulipa naona haya kumkumbusha, sasa fikiria nikipeleka matusi kutoka nyumba hadi nyumba, huku nayapunguza njiani kama ninavyopunguza suruali.

Jambo la kompyuta lilianza mezani, tunakula. Baba alikuwa ametuma maneno kwamba mtoto wa kiume wa umri ule anatakiwa akae na baba yake. Mama alikuwa amejibu, kupitia kwangu, kwamba mtoto hafugwi nyuma ya geti. Kamanda alisikiliza yote hayo akitafuna, kisha akasema kama utani:

"Msigombane. Mimi nitakaa pale kompyuta itakapowaka."

Mama alicheka. Lakini kijiko alikiweka chini na hakukishika tena. Jumapili Kamanda alikwenda kwa Baba akarudia utani ule ule. Kuanzia siku hiyo haukuwa utani.

Mimi niliogopa kuliko wote, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kamanda nimemlea mimi. Mama alipopata kazi hotelini yeye alikuwa mchanga, na ilibidi mtu abaki naye nyumbani. Nilikuwa darasa la tano. Wenzangu walipokuwa wanajifunza sehemu, mimi najifunza kupoza maziwa. Niliambiwa ni kwa muhula mmoja tu. Muhula huo haujaisha mpaka leo. Sasa akienda kukaa kwingine, kile nilichoachia shule kitakuwa kimeondoka, na shule nayo ilishaondoka zamani.

Basi tukaenda kwa Fundi. Ana kibanda kati ya kinyozi na mtu wa kutoa kopi, vipande vya kompyuta vimejaa kwenye mabeseni ya plastiki: beseni la memori, beseni la feni, beseni la nyaya. Fundi ana kawaida moja. Hakuuzii kipande mpaka akuulize kinakwenda kukaa na nani. Ukimwambia "Nipe tu hiki, nimekipenda," anakinyang'anya kutoka mkononi mwako na kukirudisha beseni.

"Kompyuta ya gemu ya pesa ndogo," alimwambia Kamanda, "hainunuliwi kwa uzuri, dogo. Inanunuliwa kwa kuulizana. Prosesa hii inakubaliwa na mazabodi ile? Mazabodi inapokea memori gani? Kadi ya picha inakula umeme kiasi gani, na pawa saplai inautoa? Kasha lina nafasi? Ukishamaliza kuuliza ndiyo unatoa hela. Bajeti yote unaniletea hapa, mkono mmoja, siku moja, tunapanga."

"Pesa ziko mikono miwili," Kamanda akasema.

"Basi mikono ishikane."

Kamanda aliniangalia. Mimi niliangalia beseni la nyaya.

"Aha," Fundi akasema taratibu. Akakuna ndevu. "Sawa. Basi tugawe. Lakini kila mmoja anunue alichoambiwa, asiongeze wala asipunguze. Mmesikia? Hii si sadaka, kwamba kila mtu anatoa kwa moyo wake."

Akagawa. Baba anunue mazabodi, ule ubao unaobeba vyote, na prosesa, ubongo wenyewe. Mama anunue memori, diski, kasha, na pawa saplai. Skrini ya zamani angetuuzia yeye Fundi kwa bei ya kutupa. Kadi ya picha, alikuwa nayo moja fupi, ya kawaida, inayotosha kwa gemu anazocheza Kamanda, angetuwekea tuilipie kidogo kidogo. Nilirudia maneno yake kichwani njia nzima mpaka nyumbani, nisikosee.

Kwa Mama niliyasema vizuri. Tulikwenda naye kwa Fundi, memori na diski akanunua palepale. Lakini kasha alilochaguliwa lilikuwa jeusi, kubwa, limekwaruzwa ubavuni.

"Hili?" Mama aliliangalia kama mtu aliyeletewa shuka lenye doa. "Likae sebuleni kwangu? Mgeni akiingia atauliza kwa nini tumehifadhi jiko ndani."

"Mama yangu, ndani lina nafasi," Fundi alimsihi. "Na pawa ninayokupa nayo ni nzito."

"Uzito nautaka wa nini, naenda kupima mizani?"

Akatoka. Fedha zake za kikundi cha kuweka akiba alizipeleka kwenye duka lenye milango ya vioo, akarudi na kasha jipya jeupe, dogo, ubavu mmoja kioo, mbele taa zinazobadilika rangi. Pawa saplai ilikuja humo humo ndani kama zawadi. Aliliweka juu ya meza yangu, akalifuta ingawa halikuwa na vumbi, akarudi nyuma hatua kadhaa kuliangalia.

"Mwambie baba yako nimenunua lenye taa," akasema.

Sikumwambia. Kamanda ndiye aliyemwambia, kwa furaha tu, bila ubaya, kama mtoto anavyosimulia. Baba alikuwa tayari amenunua mazabodi na prosesa kama alivyoagizwa, vitu sahihi kabisa. Lakini aliposikia habari za taa hakulala vizuri. Safari iliyofuata, huko mbali alikopeleka mzigo, alimkuta mtu anayefunga banda lake la gemu, akanunua kwake kadi ya picha. Aliileta imefungwa kwenye blanketi la lori. Ilikuwa na feni tatu, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole.

"Taa ni pambo," Baba alisema, akanikabidhi. "Mpelekee mama yako aone injini inafananaje."

Tulivipeleka vyote kwa Fundi siku moja, mimi na Kamanda. Fundi alilifungua lile blanketi. Alipiga mluzi mmoja mrefu.

"Nani kaleta mnyama huyu?"

"Baba," Kamanda akasema, kifua mbele.

"Nilisema asiongeze mtu."

Hata hivyo alitaka kuijaribu. Alitandika kipande cha boksi juu ya meza yake, akapanga kila kitu hapo wazi, bila kasha: mazabodi ya Baba, prosesa ya Baba, akabandika memori za Mama, akachomeka diski ya Mama, kadi ndefu ya Baba akaiegemeza kwenye kopo la gundi isianguke. Umeme aliutoa kwenye pawa yake mwenyewe ya kibandani. Akagusa waya mbili kwa bisibisi. Feni tatu zikazunguka. Skrini ikawaka.

Kamanda alicheza pale pale, amesimama, kinyozi wa jirani ameacha kichwa cha mtu nusu akaja kuangalia. Milima ilionekana mpaka majani. Mimi sijui gemu, lakini niliangalia vile vipande vimelala pamoja juu ya boksi, vya huyu na vya yule, vinapumua hewa moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi vitu vya wazazi wangu kukaa meza moja bila kugombana.

"Sasa tuviingize nyumbani," Fundi akasema.

Ndipo tatizo likaanza. Mazabodi iliingia. Prosesa, memori, diski, vyote viliingia. Kadi ikagoma. Fundi aliiinamisha huku, akaiinamisha kule, ikagonga chuma cha ndani kinachoshikilia diski. Ilikuwa ndefu kuliko kasha. Akaitoa. Akachukua ile pawa saplai ya zawadi, akaipimapima kiganjani kama mtu anayenunua embe bovu.

"Na hii, hata ingeingia, ingeungua. Nyepesi kama mkate. Kadi ile itaifyonza siku moja tu, na ikifa haifi peke yake."

Kamanda alikaa kwenye kigoda. Uso wake ulirudi ule wa utotoni, wa kabla ya kulia.

"Usilie, dogo. Kuna njia mbili," Fundi akasema, na akaniangalia mimi, maana alishajua nani ni simu. "Ya kwanza. Baba akubali niichukue kadi yake, niwape ile fupi, na chenji inayobaki inanunua pawa ya maana. Gemu zake zote zitacheza. Ya pili. Mama akubali nikate kile chuma cha ndani ya kasha. Hakionekani kwa nje. Kadi itaingia, pawa tutaitafuta polepole. Dada, umenielewa? Mmoja akubali. Mmoja tu. Wala si wote wawili."

Nilianza kwa Mama, kwa sababu ndiye wa karibu. Nilimngoja ale, aoshe miguu, akae.

"Mama, Fundi anasema kadi haiingii."

"Kadi ya nani?"

"Ya... ile kadi."

"Ya baba yako. Sema." Akatabasamu, na tabasamu hilo nalijua. "Ndiyo kawaida yake. Ananunua kichwa kikubwa, shingo atafute mwingine."

"Anasema akikata chuma kidogo cha ndani..."

"Akate nini?"

"Chuma. Cha ndani, Mama. Hakionekani."

"Kasha langu?" Alisimama. "Nimefua mashuka mpaka kucha zimetoka, nimenunua kitu kipya, kizima, leo kikatwe ili kitu chake kipite? Nimekatwa mimi, haikutosha? Mwambie apunguze chake."

"Mama, lakini Kamanda..."

"Kamanda ana miguu. Akimtaka baba yake njia anaijua."

Alisema hivyo akijua mtoto yuko chumbani anasikia. Nilitamani nimzibe mdomo. Kumzibia mama mdomo haiwezekani, hivyo nikaenda kutoa nguo kambani.

Kwa Baba nilikwenda siku ya pili. Mke wake alinifungulia geti, akaniambia, "Karibu, mgeni wetu wa kimya," akanipa kiti barazani. Ndani sikuingizwa. Baba alitoka na fulana, amechoka na safari. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza, "Haya mama, leo umebeba nini?" Tangu nikiwa mdogo ananiita mama.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilisema yote bila kuinua macho. Kwamba Fundi ana kadi fupi. Kwamba inatosha. Kwamba chenji itanunua pawa saplai. Kwamba gemu zote zitacheza.

Baba alicheka. "Yaani nimebeba kitu kutoka mwisho wa barabara, nimekilaza kwenye kiti cha utingo, utingo kakaa nyuma kwenye mzigo, leo nikibadilishe nipewe kifupi kwa sababu mama yako kanunua kisanduku cha peremende?"

Mke wake alicheka kutoka ndani. "Kisanduku cha peremende! We mwanaume!"

"Baba," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo. "Ikiwaka nyumbani, Kamanda atabaki. Mimi... sisi tungependa abaki."

"Nani anataka abaki? Mama yako?"

Niliinamisha kichwa zaidi. Alidhani nimekubali.

"Mwambie mkono mtupu haulambwi. Na mwambie Kamanda avilete hapa. Kasha kubwa nitanunua kesho, na pawa ya wanaume. Chumba kipo. Fundi wangu atafunga." Akaniangalia kidogo, akaingiza mkono mfukoni. "Nauli unayo?"

"Ninayo, Baba."

Sikuwa nayo. Nilirudi kwa miguu.

Nilipita kwa Fundi. Nilimkuta anafunga mlango wa mabati. Akaniuliza kwa macho tu, nikatikisa kichwa.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Hata mimi nimewahi kuona vipande visivyokubaliana," akasema, akibana kufuli. "Lakini vile havina ulimi wa kujibu." Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha.

Nyumbani sikumpa Kamanda maneno ya Baba. Nilimwambia Baba anafikiria. Lakini Baba safari hii hakunitegemea mimi. Alipiga simu mwenyewe, kwenye simu ya rafiki wa Kamanda. Vipande tulikuwa tumeshavirudisha nyumbani, vimo ndani ya kasha, kadi pembeni; Jumamosi Kamanda alikuja mezani na begi la shule tupu.

Alikaa kwenye nusu yake ya meza, akalilaza lile kasha jeupe, akafungua skrubu. Alizipanga kwenye kifuniko cha kopo langu la vifungo zisipotee. Hilo nilimfundisha mimi. Alitoa mazabodi pamoja na prosesa yake. Alipofika kwenye memori na diski, mkono ukasita. Vilikuwa vya Mama.

Mama alikuwa mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

"Toa," akasema. "Toa na hivyo. Vya ndani vyote chukua. Kasha langu niachie."

"Mama, nitakuwa nakuja..."

"Nimesema lolote?"

"Nitakuwa nakuja Jumapili."

"Njoo. Mlango si wa geti."

Alivifunga kwenye vitambaa nilivyompa, mabaki ya sare, kimoja kimoja, ile kadi akaizungushia sweta. Nilimkunjia nguo. Nilimwekea mashati matatu na suruali ile niliyoiachia upindo mkubwa kwa kuwa anarefuka. Nilitaka kumwambia upindo ukihitaji kushushwa aniletee, asimpe mtu mwingine, watu wanakata wanaharibu. Nikamwambia, "Usikae mbele ya skrini mpaka macho yaume."

"Sawa, Dada." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umekasirika?"

"Hapana."

"Kule kuna chumba changu peke yangu."

"Ndiyo. Ni vizuri."

Alinikumbatia upesi kama wavulana wanavyokumbatia, bega tu, akaondoka na begi limemvuta upande mmoja. Watoto wa jirani walimpigia saluti mpaka kwenye kona. Kamanda! Kamanda! Naye akawapigia.

Jumapili ya kwanza alikuja. Alisimulia jinsi inavyowaka, jinsi feni zinavyoanza polepole halafu zote kwa pamoja. Jumapili ya pili alikuja, akaaga mapema. Ya tatu kulikuwa na mashindano. Simlaumu. Mtoto hukaa penye mwanga, nami ningekuwa yeye labda ningekwenda mapema zaidi, bila kuuliza kama mtu amekasirika.

Kasha bado liko mezani. Mama hataki lisogezwe. Nashonea kwenye nusu iliyobaki, na sare nikizikunja zinaanguka chini. Mama akirudi kazini hulifuta vumbi kabla hajavua viatu. Kuna jioni alichomeka ile pawa ya zawadi, ambayo Kamanda aliiacha na kasha, akabonyeza, taa zikawaka, nyekundu, kijani, bluu, ndani hamna kitu. Akakaa anaangalia. Kisha akanigeukia, macho yamelowa, akasema kwa upole ambao huwa hanipi:

"Angalau wewe hujaniacha."

"Ndiyo, Mama," nikasema, nikaendelea kushona.

Lakini nilikuwa na neno. Ninalo tangu siku Baba alipohama. Siku hiyo walikaa chumbani mlango wazi wakigombana nani atakaa na mtoto. Mimi nilikuwa sebuleni napiga pasi shati la Kamanda la shule. Baba alisema mtoto ni wangu. Mama alisema mtoto utampata ukinizika. Mtoto, mtoto, mtoto, mpaka jua likahamia ukutani. Nilipiga pasi shati lile lile, mbele na nyuma, kola, mikono, nikirudia, nikiwapa nafasi. Nilingoja mmoja wao aseme, na huyu je? Baba alipotoka na sanduku alinipita, akanigusa kichwa, akasema, "Msaidie mama yako."

Nami ni mtoto wao. Wala sikutaka kwenda popote, sikutaka chumba, sikutaka geti. Nilitaka tu, hata kwa uongo, hata kwa dakika moja, mmoja amwambie mwenzake: huyu humchukui.

Nilitaka na mimi nigombaniwe.